Barua kutoka Italia: Shadda Isiyoandikwa



Mfipa anayehamia Italia huipokea lugha ya huko kwa wepesi unaodanganya, kwa kuwa irabu zake zinakaribiana na za Kiswahili na maneno yake mengi huishia kwa irabu, hata akaweza kulisoma kwa sauti tangazo la stesheni kabla hajajua maana yake. Ugumu umo katika silabi, yaani pigo moja la sauti ndani ya neno, na zaidi katika shadda, yaani mkazo unaoifanya silabi moja isikike kuliko nyingine.

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, isipokuwa pale m inaposimama peke yake kama katika jina la mahali M-pu-i, na ndiyo maana Sumbawanga hugawanywa Su-mba-wa-nga. Mwitalia, aliyezoea kuligawa neno campo (shamba) kuwa cam-po, angeandika Sum-ba-wan-ga. Konsonanti pacha nazo hutenganishwa: ca-sa ni nyumba, cas-sa ni mahali pa kulipia dukani, na asiyeikaza s huulizia nyumba.

Kuhusu shadda, Kiswahili huiweka karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiitalia hupendelea papo hapo, lakini hakina ahadi. Neno città (mji) hubeba shadda mwishoni, na maneno ya namna hiyo ndiyo yanayolazimika kuandikwa na alama. Napoli, Genova na Modena huibeba kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho bila alama yoyote, hivyo mgeni anayekata tiketi husema Mo-DE-na badala ya MO-de-na. Umbo capitano lina hatari zaidi, kwani ca-pi-TA-no ni nahodha, ilhali CA-pi-ta-no ni "yanatokea". Na kujifunza haya si hiari kwa kila mtu: tangu mwaka 2018 mwombaji wa uraia wa Italia kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha kuwa anakijua Kiitalia kwa kiwango cha B1, ambacho ni cha tatu kati ya sita vya Ulaya. Kumpa mwanafunzi kama huyo orodha ya msamiati isiyo na alama za shadda ni kumnyima nusu ya neno, na kasoro hiyo yafaa irekebishwe.

Uundaji wa maneno humpa nafuu. Kiswahili huonyesha udogo na ukubwa mwanzoni mwa neno, kwa ki- na ji-. Kiitalia huongeza mwishoni -ino au -etto kwa udogo, na -one kwa ukubwa, na viambishi hivyo huivuta shadda hadi silabi ya pili kutoka mwisho: te-LE-fo-no huzaa te-le-fo-NI-no, simu ya mkononi. Viwakilishi vinavyogandishwa kwenye kitenzi haviivuti kamwe. LE-te ya Kiswahili ikirefushwa huwa ni-le-TE-e, shadda ikisogea pamoja na neno; POR-ta ya Kiitalia hurefuka kuwa POR-ta-me-lo, "niletee hicho", na shadda hubaki ilipokuwa.