Tamthilia isiyosomwa ni ngoma isiyopigwa

Msomaji mpenzi, nikikuomba unitajie tamthilia tatu za Kiswahili, nadhani nazijua utakazozitaja. Ukiwa wa rika langu utaanza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Mwanao atataja Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege au Kigogo ya Pauline Kea, kutegemea mwaka aliofanya mtihani. Ni kazi nzuri, wala sina ugomvi nazo. Lakini ni nani atakayenitajia Bibi Arusi ya Jay Kitsao, mwana wa Pwani hii hii yetu? Na je, wale ambao hata kitabu hawajawahi kukitoa?

Mmoja wao ninamjua. Nilimfundisha Kiswahili hapa Malindi, na siku hizi ana kazi katika duka la kupiga chapa. Kutwa anachapa barua za maombi ya kazi, kadi za arusi na matangazo ya matanga ya watu wengine. Jioni moja aliniletea mswada wa kurasa 42. "Mwalimu," akaniambia, "hii ni yangu. Miaka minne imekaa kabatini."

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba mchapishaji mmoja aliirudisha kwa sababu tamthilia isiyotahiniwa shuleni haina mnunuzi. Kikundi kimoja cha waigizaji nacho kiliipenda, lakini kilipopiga hesabu ya ukumbi, maleba, taa na nauli, mazungumzo yakaishia hapo.

Nilikesha nikiisoma. Ilihusu mzee mmoja wa Kigiriama ambaye mtoto wa jirani amefariki kwa homa, na uvumi ukaanza kwamba ndiye aliyemloga. Nyuma ya uvumi huo pana shamba, na vijana wanaotaka kuligawana na kuliuza. Kila Ijumaa usiku mkewe humpaka piko nywele, ili asubuhi asionekane na mvi.

Wewe uliye mjini huenda ukadhani hayo ni ya kubuni. Sivyo. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wako waliopaka nywele rangi kwa hofu. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na watu wa damu yao wenyewe. Basi kijana huyu alikuwa ameandika jambo linalotuhusu sote, na likawa limelala kabatini kwa kukosa pesa za maleba.

Nikamwambia, "Mwanangu, kama hatuwezi kuicheza, tuisome."

Tulitoa nakala sita. Wasomaji walikuwa wanafunzi wawili wa chuo, muuguzi mmoja, dereva wa tuktuk, mama mmoja muuza mahamri mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili, na mimi. Mahali petu palikuwa kibanda cha makuti upande wa Kilifi, Jumamosi alasiri. Viti tuliazima, mikeka tukatandika, na birika la kahawa likapita. Upepo wa bahari ulitusumbua sana, ikabidi kila msomaji awe na kijiwe cha kukandamizia karatasi zake. Watu kama arubaini walikuja. Mwandishi mwenyewe alikaa nyuma kabisa, karibu na njia, nadhani ili apate kukimbia.

Mambo yalikwenda vizuri hadi onyesho la tatu. Hapo mzee wa mchezo anaijua habari ya kwamba usiku watakuja kumtafuta, na anatoa hotuba ya kurasa mbili nzima kuhusu haki na mila. Nilipokuwa nikiisoma usiku ule peke yangu ilinipendeza. Ilipotamkwa mbele ya watu, niliona wakianza kugeuka-geuka mikekani.

Tulipomaliza tukawaomba watu maoni. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni, mwenye nywele nyeusi ti, akainuka kwa mkongojo.

"Mwanangu," akamwambia mwandishi, "umeandika vyema. Lakini mzee anayeandamwa hasemi maneno mengi hivyo. Hunyamaza. Husikiliza kama mbwa amebweka." Kisha akajipapasa kichwa. "Na hizi zangu, mnadhani ni ujana?"

Wapo waliocheka. Halafu kicheko kikakatika chenyewe, na pale kibandani pakawa kimya. Kijana mmoja wa mbele, ambaye alasiri nzima alikuwa akichezea simu yake, aliiweka chini akainamisha kichwa. Mama muuza mahamri alinyanyuka, akamshika mzee mkono, akamkalisha kwenye kiti chake.

Wiki iliyofuata mwandishi alinionyesha onyesho la tatu jipya. Hotuba yote ameifuta. Mzee anakaa kitandani, mkewe anampaka piko, na wote wawili wanasikiliza. Tulipolisoma hapa Malindi mwezi uliofuata, hakuna aliyegeuka mkekani.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1977, kule Kamiriithu, Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliuweka mswada wa Ngaahika Ndeenda mbele ya wanakijiji, na wanakijiji wakausahihisha. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba mwaka huo, na Novemba serikali ikaupiga marufuku. Huko Kampala nako, tamasha la kimataifa la michezo ya kuigiza lililoanzishwa 2014 limezipa nafasi tamthilia mpya zisomwe mbele ya watu kabla hazijapata jukwaa kamili.

Basi msomaji, ninakuomba jambo dogo. Katika mtaa wako, kazini kwako au darasani kwako yuko mtu mwenye mswada kabatini. Mtafute. Muombe ruhusa ya kuusoma, maana kazi ni yake, na umwalike awepo asikie. Gawa nafasi za wahusika kwa watu wa nyumbani: baba, shangazi, watoto wenye umri wa kusoma. Someni mara moja faraghani kabla ya kuwaita majirani. Mtu mmoja asome maelezo ya jukwaani, asiyarefushe. Mwishoni, wape wazee nafasi ya kusema kwanza.

Hutahitaji pazia wala taa. Utahitaji nakala chache, kahawa na masikio.

Ngoma isipopigwa ni mti na ngozi tu. Yule mzee wa Kilifi amemtuma mjukuu wake kwangu kuuliza tutasoma lini tena. Nimemjibu kwamba ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na safari hii mistari ya mzee ataisoma yeye mwenyewe.