Kosa Lisilokuwa Kosa: Sarufi na Uteuzi wa Maneno kwa Mwanafunzi Mtunzi

Imekuwa desturi katika idara zetu za Kiswahili kuyagawa masomo mafungu mawili, isimu upande huu na fasihi upande ule, na wanafunzi nao hujigawa vivyo hivyo. Anayependa kutunga hadithi hudai kwamba sarufi ni kazi ya wanaisimu. Anayechanganua viambishi naye huiona hadithi kuwa burudani tu. Mgawanyo huu hauanzii chuoni. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mfumo wa 8-4-4, kwa miaka mingi insha imekuwa ikitahiniwa katika karatasi ya kwanza, lugha katika ya pili, na fasihi katika ya tatu. Mwanafunzi hutufikia akiwa amefuzu karatasi zote tatu, ilhali hajawahi kuulizwa sarufi inafanya kazi gani ndani ya hadithi. Katika insha hii nanuia kueleza jinsi nilivyoutambua upungufu wa mgawanyo huo. Nitaeleza kwa kurejelea kosa, na kosa lenyewe lilikuwa langu.

Nilikuwa nikisahihisha hadithi fupi za wanafunzi wa mwaka wa pili. Mmoja wao alikuwa ameandika juu ya kijiji ambamo mtu mwenye ulemavu wa miguu alikuwa akifika kisimani kila jioni kuteka maji. Msimulizi ni mtoto. Hadithi ilianza hivi: "Kilema kile kilifika kisimani, kikaketi, kikangoja." Nilichukua kalamu nyekundu. Kanuni ninayoifundisha inajulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili: nomino inayomtaja kiumbe mwenye uhai, hata ikiwa na kiambishi KI, huchukua upatanisho wa A-WA. Husemwa kiziwi yule amekuja, kiongozi huyu amesema, kijana wangu amefaulu. Nikakata "kile" nikaandika "yule"; nikakata "kilifika" nikaandika "alifika". Nilifanya hivyo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa nne. Katika ukurasa wa tano, pale ambapo mtu yule anamuuliza mtoto jina lake na kumtajia lake, mwanafunzi alikuwa ameandika: "Kilema yule alicheka, akanishika mkono." Pambizoni nikaandika kwa furaha: "Hapa umepatia!"

Mwanafunzi aliyapokea masahihisho yangu bila kunung'unika, akaiandika upya hadithi yote kama nilivyoagiza. Nikampa alama nzuri. Hata hivyo, nilipoisoma nakala ile ya pili niliiona imepooza, nami sikujua sababu.

Sababu niliipata muda mrefu baadaye, nilipokuwa nikitayarisha mhadhara kuhusu upatanisho wa kisarufi. Nilitaka mfano wa nomino ambayo upatanisho wake hubadilisha maana, nikakumbuka neno kilema. Neno hili lina maana mbili: mtu mwenye ulemavu, na ulemavu wenyewe. Tukisema "kilema yule alifika", aliyefika ni mtu. Tukisema "kilema kile kilifika", kilichofika ni dosari isiyo na mtu. Na ikiwa mtu yumo, basi ameshushwa hadhi akawa kitu. Hivyo ndivyo kijiji kile kilivyomwona. Kwa kurasa nne hakikuona ila miguu. Mtoto alipolisikia jina lake, KI ikageuka A, na mtu akaonekana kwa mara ya kwanza. Mgeuko wote wa hadithi ulikuwa katika kiambishi kimoja, nami nilikuwa nimeufuta kwa wino mwekundu, kisha nikamsifu mwandishi kwa mahali pekee ambapo, kwa fikira zangu, alikuwa hajakosea.

Nilimtafuta, na bahati njema alikuwa bado yupo chuoni. Nilimwomba radhi, kisha nikamuuliza kwa nini hakuitetea kazi yake. Alinijibu: "Mwalimu, nilijua ile KI ndiyo niliyoitaka. Lakini ulipoikata sikuwa na la kusema. Nilidhani ni masikio yangu tu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Mwanafunzi huyu alikuwa na sikio la mtunzi. Alichokosa ni elimu ya kulieleza sikio lake. Laiti angalijua kusema kwamba upatanisho wa kimofolojia umetumiwa badala ya ule wa kisemantiki kwa lengo la kudunisha, mimi mwalimu wake ningalinyamaza. Mtunzi asiyeijua sarufi hana utetezi mbele ya anayeijua, hata pale ambapo haki iko upande wake.

Upo pia upande wa pili wa jambo hili. Mwanafunzi mwingine, aliyelelewa katika mtaa wa mabanda, aliandika kumbukumbu za usiku ambao matingatinga yaliingia mtaani kwao. Sentensi yake kuu ilikuwa: "Usiku ule nyumba zetu zilibomoka." Nilikuwa nimekwisha kujifunza, kwa hiyo sikukata kitu. Nilimuuliza tu: "Zilibomoka zenyewe?" Alikaa kimya. Kauli ya kutendeka huonyesha hali bila kumhitaji mtendaji. Kikombe kimevunjika, wala hatuulizi nani. Kauli ya kutendwa humwachia mtendaji nafasi, hata asipotajwa: zilibomolewa, na msomaji huuliza mara moja, na nani? Kijana yule hakuwa amechagua kuwaficha wabomoaji. Lugha aliyozoea kuisikia katika taarifa, ambamo fedha hupotea na makosa hutokea, ndiyo iliyomchagulia. Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa ameandika: "Walizibomoa." Hakusema ni akina nani. Alisema kwamba kiambishi WA kilimtosha, kwa kuwa mtaani kwao kila mtu alijua ni akina nani.

Wa kwanza alijua alichokitaka bila ya kuwa na hoja. Wa pili hakujua kwamba palikuwa na la kuchagua. Wote wawili walihitaji elimu ile ile. Nyakati na hali za kitenzi nazo zina utajiri wa aina hiyo. Tazama sentensi hizi: "Baba alirudi, mama alilia"; "Baba alirudi, mama akalia"; "Baba alirudi, mama akilia." Ya kwanza huyaweka matukio mawili kando kwa kando na kumwachia msomaji kuyaunganisha. Ya pili huyapanga kwa mfuatano, na kilio huelekea kuwa tokeo la kurudi kwa baba. Katika ya tatu mama alikuwa akilia tayari, na baba amekikuta kilio. Hizo ni nyumba tatu tofauti na ndoa tatu tofauti, na kilichozitenga ni LI, KA na KI.

Kuhusu uteuzi wa maneno, tatizo la wanafunzi wetu si uhaba wa msamiati bali ni kuuabudu. Shuleni walifunzwa kwamba neno adimu huleta alama, basi kila mhusika hurauka, na kila arauke hupata staftahi. Nimesoma hadithi ya watoto walioshinda njaa siku mbili, ambao siku ya tatu "walipata staftahi ya uji". Staftahi ni neno zuri, lakini nyumba ile haikuwa na staftahi; ilikuwa na uji tu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika shamba la utunzi sharti nitofautiane nao kidogo: asiyechagua jembe hajaanza kulima.

Najua pingamizi itakayotolewa. Itasemwa kwamba sarufi huua ubunifu, na kwamba watunzi wakubwa huvunja kanuni. Ni kweli kwamba kanuni zenyewe zina historia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo lahaja nyingine zikaanza kuhesabiwa makosa. Lakini Abdilatif Abdalla, aliyezitunga tungo za Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972, hakuandika kwa Kimvita kwa sababu ya kutokijua Kiswahili sanifu. Katama Mkangi naye, alipoiita riwaya yake ya 1995 Walenisi, aliunganisha "wale", "ni" na "sisi" vikawa jina moja. Kiashiria cha mbali kimesawazishwa na nafsi ya kwanza wingi kwa kitenzi kishirikishi, na falsafa nzima ya kijamii ikaenea katika neno moja. Kuvunja kwa namna hiyo hakuwezekani kwa asiyejua viungo vya anachokivunja.

Sipendekezi basi kwamba tuongeze mazoezi ya kujaza mapengo. Napendekeza kwamba sarufi ifundishwe mbele ya hadithi ya mwanafunzi mwenyewe, na kwamba kila kanuni iandamane na swali: ukiifuata unapata nini, na ukiiacha unapata nini? Mimi mwenyewe nimeiacha kalamu nyekundu. Ninapokuta neno lililonishtua hulizungushia duara kwa penseli, nikaandika pambizoni: "Umekusudia?" Wengi hujibu kwamba hawakukusudia, nao husahihisha. Wachache hujibu kwamba walikusudia, na hunieleza sababu kwa istilahi wanazoziweza. Hao wachache ndio ninaowangojea. Nakala ya kwanza ya hadithi ya kisimani, yenye wino wangu mwekundu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa nne, nilimwomba mwenyewe aniachie. Huwasomea wanafunzi wapya kila mwaka, bila masahihisho.