Taa ya duka ilivyotudanganya rangi ya harusi

Sisi ni mafundi cherehani hapa Chanika, Handeni, na leo tunasimulia kosa letu wenyewe, maana linaweza kumkuta bibi harusi yeyote.

Tulipewa kazi ya nguo za wasindikizaji sita, rangi ya marijani. Vitambaa vya magauni na vya mitandio tulivilinganisha usiku, chini ya taa nyeupe ya LED. Vilifanana kabisa. Asubuhi ya nikaha wasichana wakatoka uani juani: magauni ya chungwa, mitandio ya waridi! Bibi harusi hakusema neno, ila machozi yalimlengalenga. Ile ilikuwa amana. Fedha ya mitandio tulirudisha siku ileile.

Aliyetufumbua macho ni kaka yake, anayefuga matumbawe kwenye tangi la kioo huko Muscat. Alisema maji ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza, wa buluu ndio unaofika chini, na vijimea vidogo sana vinavyoishi ndani ya tumbawe huutumia kujitengenezea chakula. Ndiyo maana taa za tangi lake zina buluu nyingi. Kumbe na taa yetu nyeupe ni ndugu yao: ndani yake mna mwanga wa buluu uliofunikwa unga wa manjano. Jicho linaona nyeupe, lakini nyekundu ni haba. Sasa kitambaa chekundu kitajionyeshaje sawasawa?

Siku hizi tukinunua taa tunasoma boksi. 3000K ni mwanga wa manjano, 6500K ni mweupe wa kuelekea buluu. Lakini namba hiyo haikwambii kama taa inaonyesha rangi kwa ukweli. Tafuteni palipoandikwa Ra au CRI. Taa nyingi za kawaida ni 80; sisi tumenunua ya zaidi ya 90. Bei imetuuma, lakini mitandio sita iliuma zaidi.

Hata hivyo lesi, bitana na uzi lazima vitoke nje mchana kabla mkasi haujagusa kitu. Na kama sherehe ni ya usiku ukumbini, bibi harusi, chukua kipande ukakitazame hukohuko.

Mdogo wake anaolewa baada ya Idi. Ametuletea kitambaa cha kijani, kiko kwenye kamba nje, tunangoja wingu lipite.