Eko ya Tenwek

Chai ya Kericho nimeinywa tangu utotoni, lakini mashamba yenyewe sikuwa nimeyaona hadi nilipompeleka mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, kupimwa moyo Hospitali ya Tenwek, Bomet. Kipimo chenyewe wengi hukiita eko tu.

Baada ya mji wa Kericho matatu ikawa inapiga honi kila kona, na sauti inaishia palepale: chai huimeza na kuitawanya. Mwamba ungeirudisha. Hewani sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Ukiita ukajibiwa baada ya sekunde moja, mwamba uko mita 170 mbele yako, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Nikamwambia mpwa wangu kuwa eko nayo hutumia mwangwi hivyo hivyo.

“Kwa hiyo mjomba, watanipigia kelele kifuani?”

Kweli, ila kelele isiyosikika. Sikio la binadamu hukomea mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutumia mamilioni.

Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, leo hufanya upasuaji wa moyo. Mpimaji alimpaka mpwa wangu jeli kifuani, naye akaruka kwa baridi. “Pole, mamii. Bila hii, hewa kidogo tu kati ya kifaa na ngozi ingerudisha karibu sauti yote kabla haijaingia.” Mwilini sauti hukimbia mita 1,540 kwa sekunde, basi valvu iliyo sentimita 10 ndani hujibu kwa chini ya sehemu moja ya 7,000 ya sekunde. Kompyuta hukusanya majibu hayo na kuchora.

Nikaiona valvu ikifunguka na kufungika, ncha zake nene. Damu inayokijia kifaa hupakwa nyekundu, inayokiacha buluu. Hapa mkondo mwembamba wa rangi mchanganyiko ulikuwa ukirudi nyuma kila pigo. Kumbe yale maumivu ya koo ya utotoni, tuliyoyatibu kwa chai ya tangawizi, ndiyo chanzo: bakteria wasipouawa, kinga ya mwili huweza kugeukia valvu.

Mpimaji akafungua spika. Fwash, fwash. Mpwa wangu akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tulipopita Kapkatet njiani.

Daktari alisema valvu haijafikia kupasuliwa. Penisilini, sindano moja kila wiki 4, kwa miaka mingi.

“Mkononi?” akauliza mpwa wangu.

“Matakoni,” daktari akajibu, na kicheko kikakatika.