Mbachao au Msala?

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga. Lakini ni hao hao wahenga waliosema usiache mbachao kwa msala upitao. Sasa mtu aliye na kompyuta kuukuu awafuate wepi? Nauliza kwa sababu jambo hili lilituweka kikaoni nyumbani kwetu Kitengela kwa majuma kadhaa, na si kikao cha mchezo, kwani kompyuta yenyewe ndiyo inayonilipia karo.

Mama ana kibanda cha huduma za kompyuta, au saiba kama tunavyosema sote, kando ya barabara ya Namanga. Humo watu huchapisha barua, hupiga fotokopi, hujaza fomu za eCitizen na HELB. Mwezi wa Juni unapoelekea ukingoni, foleni hufika nje kwa sababu ya ritani za ushuru. Siku ya mwisho ni tarehe 30, na Mkenya ni Mkenya. Kompyuta tunayoitegemea ni ya mtumba, mojawapo ya zile zilizostaafu maofisini huko Uingereza zikaletwa kwetu kumalizia uzee. Prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha tatu, yaani ya mwaka wa 2012 hivi, na memori yake ni GB 4. Ni nzito kama gunia la mahindi, lakini stima ipotee irudi, ipotee irudi, yenyewe huwaka tu.

Mambo yalianza kugeuka tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotolewa Julai 2015 na ambao ndio tuliokuwa nao. Hapa shuleni niliwasikia wengine wakisema ati kompyuta zote za Windows 10 zingezimika. La hasha! Yetu iliwaka kesho yake kama kawaida, na wateja hawakujua lolote. Kilichokoma ni viraka. Mfumo wa kompyuta ni kama paa la mabati: kila mara tundu jipya hugunduliwa, na mwenye kiwanda hukuletea kiraka. Sasa matundu yataendelea kugunduliwa, tena na wezi, ilhali wa kuleta kiraka hayupo.

Kwamba hili si la kutishia watoto, tuulize mwaka wa 2017. Mwezi Mei mwaka huo programu ovu iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ili kufungua mafaili. Hata hospitali za serikali Uingereza zilivurugika, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Na kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi! Walioumia ni wale ambao hawakukitia, au waliokuwa na mifumo iliyokwisha kustaafu.

Basi kwa nini tusiruke hadi Windows 11? Hapo ndipo penye mfupa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hutaka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel hutaka prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache tu. Yetu ni ya tatu. Fundi mmoja wa mtaani alimwambia mama, "Mathe, leta thao moja tu, hiyo naipitishia mlango wa nyuma." Ni kweli mlango wa nyuma upo. Lakini Microsoft wenyewe wamesema kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata viraka. Sasa utoe shilingi elfu moja ununue nini? Ukimbie mvua uingie bwawani? Juu ya hayo, nakala ya fundi huyo haikuwa na leseni.

Mimi, sitaficha, nilitaka isiguswe kabisa. Sisi tulioingia kidato cha kwanza 2024 ndio wa mwisho wa 8-4-4, na somo la kompyuta katika KCSE lina mradi mzima wa kutengeneza. Wangu nimeuanza kwa Access, na Access haiko kwenye Linux. Mama naye alikuwa akiwaza kingine. Jioni moja tukifunga kibanda alisema, "Kuna watu wananiachia paswadi zao za KRA na vitambulisho vyao humo ndani. Vikiibwa nitawaangalia vipi machoni?" Sikuwa na jibu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sidhani mama alikuwa akifikiria sheria. Alikuwa akifikiria yule mama wa mboga na yule mzee wa ng'ombe kutoka Isinya, ambao hata barua pepe zao ni yeye aliyezifungua.

Jumamosi moja nikatumwa Kajiado mjini kwa mjomba, ambaye hurekebisha kompyuta. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mpwa wangu, usinichagulie mfumo kwanza. Niambie kila kazi mnayoifanya." Tukaziandika kazi zote. Kumbe karibu zote hufanyika ndani ya intaneti, na hazijali uko kwenye Windows au la. Akanipa flashi yenye Linux Mint. Mfumo huu ni wa bure, na umejengwa juu ya Ubuntu, ambao ulianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. (Ubuntu ndio utu wetu, wanachama wa Chama cha Kiswahili mtanielewa.) Raha yake ni kwamba huwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu ndani ya diski. Unaonja kabla ya kununua.

Tulionja kwa juma zima. Printa ilikubali mara moja. eCitizen, sawa. HELB, sawa. Iliyokataa ni fomu ya ushuru ya Excel yenye makro ndani: tulipoifungua kwa LibreOffice, vitufe vyake vilinyamaza kama maji ya mtungi. Hapo mama akanuna.

Microsoft ilitangaza pia mwaka mmoja wa viraka vya ziada kwa Windows 10, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa kujiandikisha na akaunti yao. Mama aliuliza neno moja tu: "Halafu?"

Uamuzi uliofikiwa ni huu. Tulinunua diski mpya ya SSD kwa shilingi 3,000 na memori ya mtumba ya GB 4, tukaweka Linux Mint kwenye diski mpya. Kila lenye paswadi ya mteja hufanyiwa huko. Diski ya zamani imebaki mle mle na Windows 10 yake, ila haiunganishwi na intaneti. Fomu ya Excel hujazwa huko, ikatiwa kwenye flashi, kisha tukawasha upande wa pili na kuituma. Ni kazi ya kuzima na kuwasha, na Juni tutatokwa jasho. Mradi wangu pia unakaa huko, salama na mpweke.

Kuwaka kulikochukua karibu dakika nne sasa hakufiki hata moja. Wateja wengi hawakutambua mabadiliko, ila mzee wa Isinya aliyeuliza kwa nini kompyuta imevaa kijani. Mjomba bado anatudai shilingi mia saba za memori.