Tulimcheka Mkwaju, Kisha Tukanyamaza

Sogea karibu na chai yako, ndugu yangu, nikukumbushe Redio Tanzania. Mwaka 1993 mama alikuwa na mgahawa Makambako, pale yanapolala malori ya Tunduma. Baridi ya Julai ilikuwa inauma, moshi wa dizeli umechanganyika na harufu ya maandazi. Betri za redio tulizianika juani mchana kutwa, ili jioni ya mchezo wa Twende na Wakati zisituzimikie njiani.

Nani hamkumbuki Mkwaju, dereva wa lori? Wanawake njia nzima, na mkewe Tunu nyumbani anahangaika na watoto. Madereva wetu walicheka hadi chai ikamwagika, wakisukumana mabega: "Wewe huyo!" Mtaani, mwanamume asiyetulia akaitwa Mkwaju. Mama alimlaani huku mwiko uko mkononi, lakini zikipita dakika hajasikika, ndiye wa kwanza kuuliza, "Leo yuko wapi, huyu?"

Halafu Mkwaju akaanza kuugua.

Siku zile UKIMWI haukuwa na dawa kwetu. Wagonjwa wa kwanza nchini walionekana Kagera mwaka 1983, na watu wa huko wakauita Juliana. Sisi tulisema fulani kakanyaga miwaya, tena kwa kunong'ona. Nyumba nyingi zilikuwa na mgonjwa wao chumba cha nyuma. Mbaya wa mchezo angekuwa jini, ungemfungia mlango; lakini Mkwaju tulishamkaribisha, tumemzoea, tumempenda na ubaya wake, ndiyo maana alitutisha. Madereva walisikiliza wakitazama vikombe. Tunu, aliyekwisha kujitegemea kwa biashara yake ndogo, akamuuguza mwanamume yuleyule aliyemtesa. Ubishi ukazuka mezani: angemwacha! Mama akajibu taratibu, "Nyie hamjawahi kuuguza mtu." Hakuna aliyeongeza neno.

Mchezo ulifuata njia ya Miguel Sabido, mtunzi wa tamthilia wa Mexico: yupo mwema, yupo mbaya, na yupo anayeyumba katikati. Kwa macho yangu, waliokuwa wakiyumba ni wale wanaume wa mezani.

Mwaka 2004 dawa za kurefusha maisha zikaanza kutolewa bure, namshukuru Mungu. Mgahawa haupo tena. Dereva wa leo anasikiliza simu yake peke yake, visikilizi masikioni, na akiogopa hakuna wa kumwona.

Kama nyumbani kwenu kuna kanda yenye mchezo ule, tafadhali usiitupe. Wape wanao waisikilize, wote pamoja, sebuleni.