Chatiboti Inakufa kwa Kukosa RAM? Piga Hesabu Kabla ya Kwenda Dukani

Leo tuzungumzie jambo linalowasumbua wengi wanaojaribu kuendesha chatiboti kwenye kompyuta za nyumbani. Programu inaanza vizuri, inajibu swali moja au mawili, halafu inakufa. Kwenye skrini unaachiwa neno moja tu la Kiingereza: Killed, yaani imeuawa. Imeuawa na nani? Kwa kosa gani? Haisemi. Wengi wakifika hapo huamua kwamba mashine imezeeka, wakaanza kuulizia bei ya mpya. Mimi nasema ngoja kwanza. Kukosa RAM ni hesabu ya kujumlisha, na unaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22. Kumbukumbu za mikutano yao tangu 2012 zimechapwa, nyingi nilizichapa mimi nilipokuwa chuoni. Mwaka 2025 ukazuka ubishi. Mwanachama mmoja aliambiwa bado anadaiwa shilingi 38,000 za mkopo wa 2017, naye akashikilia kwamba alimaliza kulipa. Katibu wa wakati ule alishafariki. Kama deni lingesimama, pesa hizo zingekatwa kwenye mgao wake wa mwisho wa mwaka, na mgao huo ndio aliokuwa akiutegemea kwa karo ya mtoto. Mkutano ulikuwa umebakiza siku 9.

Mama akaniuliza kama hiyo kompyuta inayojibu maswali haiwezi kuyasoma makaratasi yote hayo. Ningeweza kuyapeleka kwa chatiboti ya mtandaoni, lakini wanachama walikataa katakata. Humo mna majina, nambari za vitambulisho na madeni ya watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini hata bila sheria, nani anataka madeni yake yapelekwe kwenye seva asiyoijua? Basi kazi ikabaki nyumbani.

Kipakatalishi changu kina RAM ya gigabaiti 8, diski ya zamani ile ya kuzunguka, na hakina kadi ya michoro ya maana. Kinatumia Linux. Niliweka llama.cpp, programu huria iliyoanzishwa na Georgi Gerganov mwaka 2023, pamoja na modeli ya Llama 3.1 yenye vigezo bilioni 8, ambayo Meta waliitoa Julai 2024. Kila kigezo kikihifadhiwa kwa biti 16, modeli hiyo inataka gigabaiti 16. Ndiyo maana watu hutumia faili iliyobanwa, ambapo kila kigezo kinachukua chini ya biti 5 kwa wastani. Faili yangu ilikuwa na gigabaiti 4.9. Ukitazama juu juu, 4.9 inaingia ndani ya 8 na nafasi inabaki.

Haikuingia. Programu ilikataa hata kuanza, ikisema imeshindwa kutenga nafasi. Sababu ni kwamba faili ya modeli ni sehemu tu ya mzigo. Chatiboti inapozungumza nawe huweka kwenye RAM daftari la kila kipande cha neno ilichosoma au kuandika, ili isirudie kazi yote kila inapoongeza neno. Vipande hivyo huitwa tokeni, na daftari hilo ni aina ya keshi. Kwa modeli hii hesabu ni rahisi: kuna matabaka 32, kila tabaka lina vichwa 8 vya keshi, kila kichwa kina namba 128, mara 2 kwa sababu kuna funguo na thamani, na kila namba ni baiti 2. Zidisha zote. Utapata baiti 131,072, yaani kilobaiti 128 kwa tokeni moja tu!

Sasa, modeli hii imetengenezwa iweze kushika hadi tokeni 131,072. Toleo la programu nililokuwa nalo lilisoma kiwango hicho kwenye faili, likaomba daftari zima kwa mkupuo mmoja. Daftari hilo ni gigabaiti 16, kwenye mashine yenye 8. Linux ikakataa mlangoni. Dawa yake ni neno moja kwenye amri, -c 8192, linaloweka kikomo cha tokeni 8,192. Daftari likashuka hadi gigabaiti 1.

Ikaanza. Kwa kuwa diski yangu ni ya polepole, niliiagiza ipakie faili yote kwenye RAM tangu mwanzo, kwa --no-mmap. Ikajibu maswali mawili, nikafungua kivinjari, na hapo ndipo neno Killed likatokea. Mama akachungulia: "Mwanangu, imekufa tena?" Imekufa tena, Mama.

Kifo hiki ni cha aina nyingine, na ushahidi wake uko mahali pengine. Andika amri hii:

sudo dmesg | grep -i "out of memory"

Ukiona "Out of memory: Killed process" ikifuatwa na nambari na jina la programu yako, umempata muuaji. Ni kerneli ya Linux yenyewe. Linux huahidi nafasi kwa programu nyingi kuliko RAM iliyopo, ikitumaini hazitaidai zote kwa wakati mmoja. Ni kama chama kinachoahidi kila mtu mkopo kikiomba Mungu wasije wote Jumapili moja. Wakija wote, kerneli huchagua programu ya kutoa kafara, na kigezo kikubwa ni nani anakalia RAM nyingi. Chatiboti ndiyo iliyonona kuliko wote, basi huchinjwa yeye hata kama aliyefurika ni kivinjari.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: modeli 4.9, daftari 1, nafasi ya kufanyia kazi karibu nusu, Linux na kivinjari 2. Jumla ni 8.4. Mfumo uliniachia 7.6 za kutumia. Hakuna muujiza hapo.

Nikaondoa --no-mmap. Bila amri hiyo, faili husomwa vipande vipande kutoka diskini, na kerneli inaweza kuvitupa na kuvisoma tena inapobanwa. Programu haikuuawa, lakini diski ilinguruma mfululizo na neno moja likachukua sekunde nyingi. Kama yako inatambaa hivyo, jua ni ugonjwa ule ule wa RAM, umevaa nguo nyingine.

Kilichofanya kazi ni kupunguza kila mzigo kidogo kidogo. Nilirudisha --no-mmap na kufunga kivinjari. Kikomo cha tokeni nikakishusha hadi 4,096, na daftari nikalihifadhi kwa namba za biti 8 badala ya 16, kwa --cache-type-k q8_0 na --cache-type-v q8_0. Daftari likawa chini ya theluthi ya gigabaiti. Mzigo wote, pamoja na Linux, ukawa kama 6.5.

Tokeni 4,096 ni kidogo, hasa kwa Kiswahili. Mgawanyo wa tokeni umeegemea Kiingereza, kwa hiyo neno letu refu hukatwa vipande kadhaa. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu za chama ulikula karibu tokeni 1,000. Kwa hiyo sikuipa chatiboti miaka yote. Niliandika programu ndogo inayotafuta maneno kwa SQLite, ikateua kurasa 2 zinazofanana zaidi na swali, na hizo tu ndizo chatiboti ilizisoma. Haikufa tena.

Siku 3 kabla ya mkutano tuliuliza kuhusu mkopo ule. Ikatuelekeza kwenye mkutano wa Novemba 2018 na kusema mwanachama alilipa shilingi 35,000. Mama hakuamini kabla ya kufungua kitabu chenyewe cha mkono, na alifanya vizuri. Ukurasa ulikuwa sahihi, lakini kiasi hakikuwa sahihi. Katibu marehemu aliandika 38,000, kwa awamu mbili, na sahihi ya mlipaji ilikuwa chini. Kumbukeni pia kwamba lugha zinazotajwa rasmi kwa Llama 3.1 ni 8, na Kiswahili hakimo. Chatiboti ndogo ya nyumbani itumie kutafuta ukurasa. Kusoma kilichoandikwa kwenye ukurasa ni kazi yako.

Mkutanoni Mama alisoma kitabu, hakusoma skrini. Deni likafutwa, na mgao ukatoka mzima.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, jumlisha vitu vinne: ukubwa wa faili ya modeli, daftari la tokeni, nafasi ya kufanyia kazi, na kila kitu kingine kilichofunguliwa. Jumla ikizidi RAM yako, anza na daftari, kwa sababu ndilo linalopungua bila kuharibu modeli. Lisipotosha, chukua modeli ndogo: Llama 3.2 ya bilioni 3, iliyobanwa vivyo hivyo, ni karibu gigabaiti 2. Ukishafanya yote hayo na jumla bado imekataa, hapo sasa nenda dukani, na utajua ni gigabaiti ngapi hasa unazoenda kununua.